Shemeji Kamchoma Mrusi Jikoni

Maskati, Jumatano, mwezi 19 Mfungo Nane (14 Agosti 1968)

Joto la leo halina mfano. Upepo wa gharbi umeanza tangu alfajiri, na majabali yanayotuzunguka yamekuwa kama mawe ya tanuri. Kuta za ndani hazishikiki. Watu wote wa nyumba hii wamelala kailula. Mimi nimesali Adhuhuri, nimekaa juu ya msala wangu na daftari gotini.

Nna hasira.

Nimetawadha mara mbili ili zipoe. Nimesoma nyiradi zangu zote. Nimefanya kama tulivyofundishwa katika chuo cha Kurani, aliyesimama akae na aliyekaa alale, nikajilaza chali nikaitazama boriti. Hazikupoa. Basi naziandika, maana nikizitoa kwa mdomo katika nyumba hii zitamwangukia asiyestahiki.

Leo asubuhi shemeji yangu Khalfan amelichoma moto daftari la kaka yangu Suleiman. Khalfan ni ndugu wa marehemu mume wangu, na nakaa kwake tangu tulipohama Unguja. Aliingia jikoni baada ya chai, kabla ya kwenda dukani Matrah, akalichana daftari vipande viwili, akalitia mekoni juu ya makuti ya mtende. Mkewe Zeyana alikuwa akichemsha maziwa. Aliisogeza sufuria kumpa nafasi.

Hiyo sufuria ndiyo isiyonitoka moyoni. Hakusema kitu, hakumshika mkono mumewe, aliisogeza sufuria tu.

Kosa la daftari ni kuwa mchezo ulioandikwa ndani yake ulitungwa na Mrusi.

Mrusi mwenyewe simjui sana, nnamjua kwa maneno ya kaka. Jina lake refu, ulimi wangu haujapata kulifikisha mwisho, na kaka Suleiman alikuwa akimwita Mrusi tu, kama mtu anavyomwita sahibu yake. Alikuwa mtu wa karne iliyopita. Kabla ya kutunga michezo alikuwa karani katika mahakama walikokwenda kushtakiana wafanyabiashara, akakaa pale akiwasikiliza wanavyoapa, wanavyodanganyana, wanavyowasema wake zao na watoto wao. Kisha akaacha kazi akawapandisha jukwaani na ndimi zao vile vile. Kaka alisema wenye maduka wa mji ule walikuwa wakienda kumtazama Mrusi wakicheka, na wengine wakirudi majumbani wamenuna.

Kaka alikuwa mwalimu. Alikipata kitabu kwa Kiingereza, akautia mchezo katika Kiswahili chetu likizo moja nzima, mimi nikimnakilia kwa sababu hati yangu ilikuwa ikisomeka kuliko yake. Darasa la sita ndio mwisho wangu, lakini hati nnayo. Wavulana wa skuli waliucheza kwanza. Kisha sisi wanawake tukautaka, tukaucheza uani kwetu, wenyewe kwa wenyewe, mlango umefungwa. Mimi nilikuwa mwari wa miaka kumi na saba nikacheza Binti.

Siku ile kaka alituambia kuwa huko kwao Mrusi michezo yake haijapata kuteremka jukwaani tangu afe. Mchezaji mwanamke huanza kwa kucheza binti, akikua akacheza mama, akizeeka akacheza shangazi, katika mchezo ule ule, na watazamaji wanazeeka pamoja naye. Nilicheka nikaona wana kazi bure. Juzi nimecheza Shangazi.

Kaka Suleiman alichukuliwa nyumbani kwake wiki ile ya Mapinduzi na hatukumwona tena. Hatuna hata kaburi la kumsomea. Mimi nilitoka Unguja na msahafu, kanga sita na lile daftari.

Na nikiri hapa, kwa sababu hapa hapana wa kunicheka. Miaka miwili ya mwanzo Maskati sikuweza kulifungua. Nilikuwa nikiliona neno Mrusi juu ya jalada nasikia kichefuchefu. Sisi sote tuliotoka kule tunaambiana kuwa Warusi ndio waliowafunza wale waliotutoa, na mimi nilimtia yule mtunzi katika kapu hilo hilo, nikataka kumtupa. Mpaka siku moja nikakumbuka kuwa kaka alisema kafa zamani, kabla hao makomunisti hawajashika nchi yake. Maskini wa Mungu, hata hakuwajua. Nikaona haya, nikalifungua daftari, nikalia kwa sababu ya hati yangu ya utoto.

Kwa hiyo nnafahamu mtu anavyoweza kukosea. Khalfan angekuwa kakosea ningemsamehe. Khalfan hakukosea.

Nianze pale pa mwanzo.

Binti yake Khalfan, Rayya, ana miaka kumi na minane. Nimemfundisha kusoma mimi, msahafu na Kiswahili, na huniita shangazi. Kaposwa na Bwana Seif, mfanyabiashara wa Matrah, mtu wa umri kumpita baba yake, na wake wawili anao. Bwana Seif si mtu mbaya. Tulipoteremka hapa hatuna mbele wala nyuma, watu wa ukoo wetu wenyewe wakitutazama kama wageni kwa sababu Kiarabu chetu kimekatika katika, yeye ndiye aliyempa Khalfan mlango wa duka na akamwita ndugu yangu mbele za watu. Khalfan hakusahau. Nakiri kuwa ni jambo jema kwa mtu kutosahau. Lakini shukrani ni yake yeye, na anayepelekwa ni mtoto.

Wiki mbili zilizopita nikatumwa mimi nikamuulize Rayya. Dini yetu inataka mwanamwali aulizwe, na kama haya zimemzuia kujibu, kimya chake kinatosha kuwa idhini. Zeyana aliniambia, "Dada, wewe anakupenda. Muulize wewe."

Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwambia, "Mwanangu, baba yako kakupa Bwana Seif. Wasemaje?"

Hakusema kitu. Hakuinua uso. Aliendelea kuchambua, na mimi nikamtazama vidole. Alikuwa anatupa mchele na kubakisha mawe.

Nikatoka nikamwambia mama yake, "Amenyamaza." Zeyana akasema alhamdulillahi, na vigelegele vikapigwa, vya chini chini kwa kuogopa majirani. Mchana ule Khalfan alitafuna jiwe katika wali akawalaani wauza mchele.

Maalimu wangu wa chuoni Unguja alikuwa akitwambia kuwa kimya cha haya ni kimoja na kimya cha khofu ni kingine, na anayetumwa kuuliza ana amana ya kuvitenganisha. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nalijua nikiwa nimesimama pale mlangoni, na nikasema neno moja tu, amenyamaza, kwa sababu neno hilo lilikuwa kweli na halinigombanishi na mtu.

Hasira zangu nyingi za leo ni za neno lile.

Basi wiki ya harusi ikafika. Zeyana akataka wanawake wapate cha kuwachangamsha. Ngoma hapa hairuhusiwi, hata kuimba kwa kupaza sauti kunaogopewa. Mimi nikasema, tucheze mchezo wa Mrusi. Wale wanawake wa Unguja wanaoukumbuka wakafurahi, maana wao walichokumbuka ni Mfanyabiashara anavyokoroma katikati ya mazungumzo ya posa, na Mshenga anavyokunywa chai isiyokwisha. Wakasahau kuwa ndani yake mna binti anayepelekwa kwa mzee ili baba apate kutulia.

Mimi sikusahau. Nimejiuliza siku mbili hizi kama nilifanya makusudi. Sehemu yangu moja, ile iliyoona mchele, nadhani ilifanya makusudi. Ile nyingine ilikuwa ikishona ndevu.

Tulizishona kwa makumbi ya mtende. Zeyana akacheza Mfanyabiashara, na wallahi Unguja nzima haikupata kuwa na Mfanyabiashara kama yule. Alikuwa akikohoa kabla ya kusema, vile vile anavyokohoa Khalfan, na wanawake wanashika mbavu. Jirani yetu Mbulushi alituazima samawari yake ya kuchemshia chai, akashangaa kusikia kuwa na Warusi wanayo. Pale penye theluji mmoja akauliza ndiyo nini hiyo, akaambiwa ni barafu inayoanguka kutoka mbinguni bila ya kununuliwa. Akasema, "Na sisi tunakaa huku kwa dhambi gani?"

Rayya, kwa kuwa ni bibi harusi, hakutakiwa kuonekana na wageni. Tukamtundikia kanga mbili pembeni akakaa nyuma yake na daftari, kazi yake kumkumbusha atakayesahau maneno. Binti akachezwa na Zamzam, mtoto wa jirani, msichana mwenye macho makubwa.

Ilikuwa juzi Jumatatu baada ya Alasiri. Ua umejaa. Mbele kabisa, juu ya zulia, kakaa Bibi Thuraya, dada yake Bwana Seif, na wanawake wa kwao.

Tukafika pale pa posa. Mfanyabiashara anakohoa, anamuuliza Binti, "Wamtaka humtaki?" Hapo Mrusi hakumpa Binti neno hata moja. Katika daftari imeandikwa, kwa hati yangu: Binti ananyamaza. Kisha Shangazi anasema, "Amenyamaza, basi karidhia." Kaka alituambia kuwa kwa Mrusi shangazi anasema jambo jingine, yeye akaweka la kwetu. Lakini kimya ni cha Mrusi mwenyewe. Kaka alikuwa akikisifu kile kimya kuliko maneno yote. Alisema mtu aliyesikiliza mahakamani miaka ile ndiye anayejua kumnyamazisha mtu namna ile jukwaani.

Zamzam akanyamaza vizuri sana, macho chini. Mimi nikavuta pumzi nikasema neno langu, "Amenyamaza, basi karidhia."

Nyuma ya kanga ikatoka sauti. "Sitaki."

Watu wakacheka. Walidhani Zamzam kasahau na mwenye daftari anamkumbusha. Mmoja akapiga kelele, "Mwambieni huyo wa nyuma asituharibie, mwenzake anacheza vizuri." Zamzam maskini akageuka huku na huku, akanong'ona, "Mimi sina neno hapa."

"Sitaki," Rayya akasema tena. Si kwa kelele. Kama mtu anayejibu swali aliloulizwa.

Kicheko kikakatika, kikaanzia mbele kikaenda nyuma. Zeyana alikuwa kakaa juu ya kiti cha Mfanyabiashara na ndevu zake za mtende, na chini ya zile ndevu mdomo unamcheza. Nilimwona anataka kukohoa. Bibi Thuraya akaomba buibui lake kwa upole, akavaa viatu, akasema chai ilikuwa nzuri.

Sisi hatukufika mwisho wa mchezo.

Jana nyumba nzima ilikuwa kimya. Nilidhani Khalfan anafikiri, nikamwombea. Leo asubuhi ndio nimejua alichokuwa akikifikiri. Alisimama mlangoni pa jikoni.

"Huyu Mrusi kaletwa na nani nyumbani kwangu?"

"Na mimi, shemeji."

"Walitutoa kwetu, na huku wamenifuata?"

"Huyu kafa zamani, shemeji. Huyu hakumtoa mtu kwao."

"Mrusi ni Mrusi. Lete daftari."

Nikampa. Ndiyo, nilimpa kwa mkono wangu, kwa sababu nakaa kwake na nakula kwake. Nilidhani atalificha. Na alipokwisha kulitia motoni, akageuka akaniambia kwa sauti ya taratibu, karibu ya huruma, "Nimekwisha mwambia Bwana Seif kuwa mtoto alikuwa akisoma tu. Neno lile ni la mchezo. Limeandikwa na komunisti kuwaharibu watoto wa watu. Kafahamu, kanambia basi tulichome tusahau. Ijumaa baada ya sala nikahi iko pale pale."

Halimo. Neno lile halimo katika mchezo. Nimeunakili kwa mkono wangu, nimeucheza mara mbili, naujua kama nnavyoijua njia ya msalani gizani. Pale pana kimya. Na ushahidi pekee kuwa pana kimya ulikuwa ndani ya lile daftari, na ndiyo maana limechomwa. Khalfan hamwogopi Mrusi hata kidogo, amemtumia.

Amemsingizia maiti neno ambalo hakulisema, ili amnyang'anye mtoto wake neno alilolisema.

Nilimwambia, "Shemeji, pale hapana neno."

Akanitazama. Mikono yake ilikuwa na majivu. "Dada," akasema, "mimi nimefika hapa na nguo niliyovaa. Nani alinifungulia mlango? Wewe wataka nikamwambie nini yule mtu?"

Akaenda zake dukani. Simchukii, na hilo linanizidishia hasira, kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kumchukia. Namwona bado kasimama mbele ya mlango ule wa mwaka wa sitini na nne anangoja kuambiwa karibu.

Zeyana alibaki na sufuria yake. Nikamuuliza, "Na wewe hukusikia mtoto wako alichosema?"

"Nimesikia."

"Basi?"

"Na mimi nilinyamaza zamani zangu, dada. Mbona nimeishi?"

Akayakoroga maziwa yasiyohitaji kukorogwa.

Wanawake nao sikwambii. Tangu jana wanapita wanasema ni mimi niliyemtia maneno Rayya, eti mjane hana kazi, vitabu vimemzidi. Wamekaa pale wote, kiasi cha thalathini, wana masikio. Wamesikia mara mbili. Na leo kila mmoja anasema alikuwa mbali, alikuwa anamnyonyesha mtoto, alikuwa anamimina chai. Juzi walikuwa wakimcheka Mfanyabiashara wa Kirusi kwa kutosikia anachoambiwa na binti yake. Leo hawana tofauti naye ila ndevu.

Kaka alikuwa akisema ndiyo hatari ya Mrusi, kuwa mtu anaingia kumcheka jirani. Nilidhani ni sifa tu anamsifia.

Kidogo kabla ya Adhuhuri Rayya kaja chumbani kwangu. Hakulia. Aliuliza kama daftari limeungua lote. Nikamwambia lote. Akasema, "Shangazi, ulipokuja kuniuliza ile siku ya mchele, nilikuwa nalitafuta hilo neno. Halikuja upesi. Ulipotoka ndipo lilipokuja."

Sikusubiri, ndio maana yake. Hakuniambia hivyo, ana adabu. Lakini ndio maana yake. Niliuliza nikangoja kiasi cha mtu kusoma Kul-huwa-Allahu, nikatoka mbio na jawabu niliyokuwa nayo tangu sijaingia.

Yaa Rabbi nisamehe. Nakaa juu ya msala kutwa, na amana ya neno moja ilinishinda.

Basi nimeamua, na nimeandika hapa ili nisijidanganye kesho. Sheikh atakayefunga nikahi anakaa karibu na Mlango Mkubwa wa mji, na mkewe nnamjua, tumesoma pamoja juzuu mbili Ramadhani iliyopita. Kesho Alkhamisi jua likipanda kidogo ntavaa buibui langu niende. Ntamwambia mkewe aniitie mumewe nyuma ya pazia. Sitasema khabari ya Mrusi kwanza, maana akisikia Mrusi atasikia yale yale waliyosikia wengine. Ntasema yangu. Ntasema mimi ndiye niliyetumwa kumuuliza Rayya binti Khalfan, na jawabu niliyoileta siyo. Ntamweleza mchele na mawe. Kisha ntamwambia kuwa siku ya mchezo mtoto kalisema neno lake mara mbili, na kuwa katika mchezo pale hapana neno, na mwandishi wa lile daftari ni mimi, na naapa kwa hilo.

Sheikh ataniuliza kama walii wake, yaani baba yake, anajua kuwa nimekuja. Ntasema hajui.

Na Khalfan akijua, nikirudi pengine ntakuta kanga zangu zimefungwa mlangoni. Nimelifikiri hilo. Katika mji huu sina dari nyingine. Yupo binti wa ami yangu Matrah, lakini mumewe anafanya kazi ghalani kwa Bwana Seif. Nimehesabu wote ninaowajua mpaka nimechoka, na kila mmoja ana mlango wake aliofunguliwa na mtu.

Iwe itakavyokuwa. Nikahi ikifungwa Ijumaa kwa shahada yangu, kila sala ntakayosali baada ya hapo ntakuwa namwona yule mtoto na ungo wake.

Nnasikia Zeyana keshaamka, anateka maji. Muadhini hajaanza.

Nimejaribu kuisema ile sentensi yangu kwa sauti, hapa chumbani, peke yangu, nimeuelekea ukuta: "Sheikh, niliyetumwa kuuliza ni mimi, na sikusema kweli yote." Mara ya kwanza sauti haikutoka kabisa. Mara ya pili imetoka nusu. Nikimaliza Alasiri ntaijaribu tena.